Sura ya Saba: Inayokufa kwa Niaba Yako

Chupa yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya dawa ya macho. Muuzaji alikuwa ameipanga mstari wa mbele kwenye kabati la kioo, pale ambapo jua la saa tisa la Kariakoo huingia bila hodi na kukaa mpaka magharibi. Lebo ilitangaza seramu ya vitamini C, na chini ya picha ya chungwa lililokatwa yalikuwapo maneno "asili asilimia 100". Ndani mlikuwa na maji yenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

"Dada, mbona hii imekuwa kahawia?" nikauliza.

"Hiyo imeiva, mama," akanijibu, wala hakupepesa macho. "Zile nyeupe bado hazijapata nguvu."

Nikalipa. Nimeshasikia maelezo mengi ya ajabu kuhusu vipodozi, lakini hilo la kuiva lilinipendeza, kwa sababu lilikuwa jirani kabisa na ukweli, ila limegeuzwa miguu juu. Kilichokuwa ndani ya chupa ile kilikuwa kimefanya kazi yake yote. Kilipambana na mwanga, kikapambana na hewa, na mwisho kikafa. Shida ni kwamba kilifia kabatini badala ya kufia usoni kwa mtu.

Vitu vya namna hii huitwa antioksidanti, na vingi tunavipata kwenye mimea: machungwa, majani ya chai, pumba za nafaka, mawese, manjano. Vyote vina tabia moja inayowasumbua watengenezaji na kuwapa riziki wakati huohuo. Vinafaa kwa sababu vinaharibika upesi. Vinatangulia kuharibika ili kingine kisiharibike. Mtu akilishika hilo, nusu ya matangazo ya krimu ataweza kuyasoma mwenyewe bila mkalimani.

Tuanzie jikoni. Kata parachichi, liache mezani, na kabla wali haujakauka utaona nyama yake inaanza kupiga weusi. Nusu ya pili ikamulie ndimu: itabaki na ukijani wake kwa muda mrefu zaidi. Kisu kimepasua seli za tunda, oksijeni ikaingia, na vimeng'enya vya tunda lenyewe vikaisaidia oksijeni kuzipokonya elektroni fenoli zilizomo. Fenoli zilizopokonywa hushikana na kuwa ile rangi ya kahawia. Ukali wa ndimu huvipunguza kasi vimeng'enya, na vitamini C iliyomo hutoa elektroni zake yenyewe na kuzirudishia fenoli kilichoibwa. Hutoa, hutoa, mpaka imekwisha. Ikiisha, weusi unaendelea pale ulipoachia.

Kwenye ngozi, anayeanzisha fujo ni mwanga. Elektroni katika molekuli hupenda kukaa mbili mbili. Mwaka 1900 mkemia Moses Gomberg wa Chuo Kikuu cha Michigan alitangaza kwamba amepata molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake, na wakemia wengi wa siku zile wakatikisa vichwa. Leo tunaziita radikali huru. Radikali huru ni kama mtu aliyetoka msikitini Ijumaa akakuta kandambili yake moja haipo. Hatembei mguu mmoja; atachukua ya jirani. Jirani naye akitoka atachukua ya mwingine, na baada ya nusu saa baraza zima limevurugika ingawa kilichopotea mwanzoni ni kandambili moja tu. Antioksidanti ni yule mzee anayesema, "Basi chukueni yangu, mimi nakaa hapa karibu," akaondoka peku. Vurugu zinakoma. Lakini mzee huyo kesho hana tena kandambili ya kutoa.

Mwaka 1956 Denham Harman, Mmarekani, alipendekeza kwamba kuzeeka kwenyewe kunatokana na mnyororo wa wizi wa namna hii ndani ya mwili. Wazo lilibaki kama wazo kwa miaka mingi. Kilichowafanya watu walichukulie kwa uzito ni kazi ya Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, ambao mwaka 1969 walieleza kimeng'enya kinachoizima radikali mojawapo, superoksidi. Mwili usingejijengea kikosi cha zimamoto kama hapakuwa na moto.

Na moto wa ngozi unatoka juu. Miale ya urujuanimno inayotufikia ni ya aina mbili. UVB, ya nanomita 280 hadi 320, ndiyo inayounguza: inaigonga DNA moja kwa moja, na mwenye ngozi nyeupe hugeuka mwekundu jioni ileile. UVA, ya nanomita 320 hadi 400, ni mpole wa kuonekana. Ndiyo iliyo nyingi, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za urujuanimno wote unaofika ardhini. Inapita kwenye kioo cha kawaida cha dirisha, inazama mpaka ngozi ya ndani, na haiumi. Huko ndani inapokelewa na molekuli zenye rangi, ambazo huikabidhi oksijeni nishati ile, na oksijeni iliyochokozwa ndiyo inayoanza kuzunguka ikitafuta wa kumnyang'anya.

Mwaka 2012 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa Marekani wa miaka 69 aliyeendesha gari la kusambaza bidhaa kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa umekunjamana kama karatasi ya sukari. Upande wa kulia ungedhani ni wa mdogo wake. Kwetu usukani uko kulia. Ukipanda basi la mikoani ukakaa karibu na dereva, mtazame mikono yote miwili.

Kinachokatika pale ni kolajeni, nyuzi zinazoishikilia ngozi. Katika miaka ya 1990 Gary Fisher na John Voorhees, nao wa Michigan, walionyesha kwamba hata urujuanimno mdogo usiotosha kuifanya ngozi iwe nyekundu huamsha vimeng'enya vinavyokata kolajeni, na radikali huru zimo katika kuviamsha. Fikiria kitanda cha kamba. Uzi mmoja ukikatika hakuna anayejua. Unalala, unaamka, unatandika. Siku moja unakaa na kitanda kinakumeza.

Msomaji mwenye ngozi nyeusi ameshaanza kujiuliza haya yanamhusu vipi. Yanamhusu, ila kwa njia yake. Utafiti wa mwaka 1979 uliopima ngozi ya juu ya watu weusi na weupe ulikuta ile nyeusi inakinga UVB kwa wastani wa SPF (kipimo cha kinga cha losheni za jua) 13.4, nyeupe 3.4. Melanini ni mwavuli wa kuzaliwa nao, na yenyewe ni antioksidanti. Lakini mwavuli huo ulipimwa kwa mwanga unaounguza, na mwanga unaotusumbua sisi mara nyingi ni ule tunaouona kwa macho. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Leonhard Zastrow lilipima radikali zinazozaliwa kwenye ngozi kutokana na mwanga wa kila rangi, likakuta karibu nusu yake zinatoka nje ya urujuanimno, katika mwanga wa kawaida unaoonekana. Mwaka uliofuata, watafiti wa Detroit waliwamulika watu kwa mwanga huo: ngozi nyeusi zikapata weusi uliokaa kwa wiki mbili, ngozi nyeupe hazikuonyesha kitu. Yale madoa ya mashavuni ambayo akina mama wengi huyaona baada ya ujauzito na kuyapigania miaka mitano, jua la kuonekana lina mkono wake pale. Losheni nyingi za jua haziugusi mwanga huo. Zinazougusa ni zenye oksidi ya chuma, yaani kutu iliyosafishwa, ile ile inayoupa wekundu udongo wanaojipaka morani wa Kimaasai.

Kuna jambo jingine kuhusu melanini ambalo lilinikosesha raha niliposoma mara ya kwanza. Mwaka 2015 maabara ya Douglas Brash, Chuo Kikuu cha Yale, iliripoti kwamba seli zenye melanini ziliendelea kupata majeraha ya DNA kwa zaidi ya saa tatu baada ya taa ya UVA kuzimwa. Radikali zilizozaliwa na mwanga zilikuwa zimevipandisha vipande vya melanini mpaka kwenye hali ya juu ya nishati, navyo gizani vikaishusha nishati ile juu ya DNA, kana kwamba jua bado linawaka. Umeingia ndani, umeoga, umekaa kunywa chai, na ngozi yako bado iko juani. Hapa ndipo antioksidanti inapata kazi ambayo mwavuli wala losheni ya jua haviwezi kuifanya. Losheni ya jua ni paa: inazuia mwanga usiingie. Antioksidanti ni ndoo iliyowekwa chini ya paa linalovuja.

Kwa nini basi mimea? Kwa sababu mmea hauwezi kuhamia kivulini. Jani la mchai wa Kericho linakaa juani kuanzia alfajiri mpaka jioni, na kazi yake yenyewe, kutengeneza chakula kwa mwanga, inazalisha radikali kila dakika. Likikosa vizuizi vya kutosha litaungua kwa kazi yake. Ndiyo maana majani yamejaa polifenoli, vitamini C, vitamini E na karotini. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa chai ya Kenya iliwaletea wakulima mchai wa zambarau, TRFK 306, ambao majani yake machanga yana anthosiani, rangi ileile ya zambarau iliyomo kwenye zabibu nyeusi. Kwa jani, rangi hiyo ni kama miwani ya jua.

Chai ina funzo lake kuhusu chupa yangu ya Kariakoo. Jani bichi lina polifenoli iitwayo EGCG kwa wingi. Ukitaka chai ya kijani, unalipasha jani moto mapema ili vimeng'enya vife na EGCG ibaki. Ukitaka chai nyeusi, unalisaga na kuliachia hewa mpaka liwe kahawia, na sehemu kubwa ya EGCG inageuka kuwa vitu vingine. Vitu hivyo navyo vina faida zake, na chai ni tamu, siibezi. Lakini mabadiliko yanayofanyika kiwandani kwa makusudi, kwa saa moja au mbili, ndiyo yanayofanyika polepole ndani ya kopo la krimu ya chai ya kijani lililoachwa wazi bafuni. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walipaka dondoo ya chai ya kijani kwenye ngozi za watu kabla ya kuzimulika kwa urujuanimno, na wekundu ulipungua, seli zilizoungua zikapungua. Ile ilikuwa dondoo mpya, yenye kipimo kinachojulikana. Krimu ya dukani yenye picha ya jani haikuambii imebeba kiasi gani wala kimebaki kiasi gani.

Aliyelichukulia tatizo la kuharibika kwa uzito kuliko wengi ni Sheldon Pinnell, daktari wa ngozi wa Duke. Mwaka 2001 yeye na wenzake walionyesha kwamba vitamini C haipenyi ngozi ila ikiwa katika maji makali, yenye pH chini ya 3.5, na kwamba kuzidisha kipimo juu ya asilimia 20 hakuongezi kitu. Ikishaingia na kuijaza ngozi, nusu yake bado ipo baada ya siku nne hivi. Haiogeki wala haifutiki kwa taulo. Hiyo ilikuwa habari njema. Habari mbaya ni kwamba vitamini C kwenye maji inakufa upesi mno. Akatafuta wa kuilinda, na mwaka 2005 akatoa mchanganyiko uliokuja kuigwa na nusu ya dunia: vitamini C asilimia 15, vitamini E asilimia 1, asidi ya feruli asilimia 0.5. Vitamini mbili peke yake zilikuwa zimeongeza kinga ya ngozi mara nne. Nusu asilimia ya feruli ikaifanya mara nane. Ngozi iliyotumika ilikuwa ya nguruwe, ambayo inafanana sana na ya binadamu, na Pinnell mwenyewe alikuwa mwanzilishi wa kampuni ya kuuza seramu hizo. Yote mawili yafaa kukumbukwa. Hakuna linaloyafuta matokeo.

Lakini mimi nataka kukaa kidogo na hiyo feruli, kwa sababu jina lake limepita nyumbani kwetu. Ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1866 kwenye utomvu wa mmea wa Ferula foetida, na utomvu huo ni mvuje. Mvuje! Ule unaonuka mpaka nyumba ya tatu, uliofungwa kwenye kitambaa cheusi na kuvishwa watoto wachanga wa Pwani ili wasije wakatupiwa macho. Bibi yangu Tanga alikuwa na kipande chake kwenye kibweta, na hakuna mjukuu aliyepita bila kufushwa. Sidai kwamba bibi alijua kemia. Wala seramu haitengenezwi kwa mvuje, nashukuru. Feruli imejaa kwenye kuta za seli za nafaka, na pumba za mahindi ni miongoni mwa zilizo na nyingi zaidi. Tunazikoboa na kuwamwagia kuku.

Kwenye mmea, feruli inazishona kuta za seli pamoja na kunyonya urujuanimno. Kwenye seramu inafanya kazi ya yule mzee wa msikitini kwa wazee wenzake: vitamini E inampa radikali elektroni yake ndani ya mafuta ya utando wa seli, vitamini C inairudishia vitamini E, na feruli inapunguza kasi ya wote kwisha. Ndiyo maana antioksidanti moja peke yake mara nyingi haifiki mbali. Mimea haikuwahi kutumia moja.

Hapa wauza mafuta huchupa kutoka sentensi ya kweli kwenda kwenye ya hatari: kama mimea inajikinga hivi, basi mafuta ya mimea yatakukinga na jua. Hapana. Jaribio ninaloliheshimu kuliko yote katika uwanja huu lilifanyika Nambour, mji mdogo wa Queensland, Australia, kuanzia 1992 hadi 1996, chini ya Adèle Green. Wakazi 1,621 waligawanywa kwa kura: wengine losheni ya jua kila siku, wengine kama walivyozoea, na juu ya hapo, wengine kidonge cha karotini na wengine kidonge kitupu. Waliojipaka kila siku walipata uvimbe wa saratani ya seli bapa pungufu kwa karibu asilimia 40. Ngozi zilipopimwa kwa uzee, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuzeeka pungufu kwa asilimia 24. Karotini haikufanya lolote, si kwa saratani, si kwa makunyanzi. Na huko Finland, vidonge vya karotini walivyopewa wanaume wavutaji sigara vilihusishwa, katika matokeo ya mwaka 1994, na ongezeko la asilimia 18 la saratani ya mapafu. Antioksidanti ni kemikali yenye mahali pake na kipimo chake, na baraka haimo katika jina.

Mafuta ya nazi nayo yana hadithi. Yamo kwenye orodha zinazozunguka zikisema yana kinga ya SPF 7 au 8. Namba hiyo ilitoka kwenye mashine: mafuta yaliyeyushwa kwenye spiriti, yakamulikwa ndani ya kijichupa, ikakokotolewa. Hakuna aliyeyapaka mgongoni akakaa juani. Kinga halisi hupimwa juu ya ngozi ya watu, miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, na ukiyapima hivyo mafuta ya nazi hayafui dafu.

Mtu mweusi akijipaka mafuta ya karoti akaenda shamba, melanini yake itamfichia kosa. Mtu mwenye ualbino hana wa kumfichia. Nimewahi kuona, kwenye duka lenye mabango mengi, kopo la "mafuta ya asili ya kukinga jua kwa ndugu zetu wenye ualbino", na ndani yake mkiwa na nazi, karoti na manukato. Nilitoka nikiwa na hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Kwao saratani ya ngozi huja mapema, wengine wakiwa vijana, na kinachowafaa kinajulikana: kofia pana, mikono mirefu, kivuli, na losheni yenye vichujio vya kweli. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, ndiko ilikozaliwa losheni ya Kilisun, iliyotengenezwa kwa ajili yao hasa. Anayetaka kuwauzia karoti awapikie.

Sasa nirudi Pwani, maana nitaulizwa kuhusu singo. Liwa iliyosagwa jiweni, manjano, mawaridi, karafuu, bibi harusi anasuguliwa mpaka anang'aa. Naipenda singo, nami nilisuguliwa. Lakini singo hufanywa ndani, jioni, na huoshwa. Waliotuachia mila hii hawakumpeleka bibi harusi juani na manjano usoni. Na walikuwa na sababu hata kama hawakuisema. Kukumini, rangi ya manjano, ni antioksidanti gizani, lakini ikimulikwa kwa mwanga wa buluu inageuka na kuzalisha oksijeni kali yenyewe, kiasi kwamba watafiti wa meno wameijaribu kuua bakteria wa mdomoni. Karafuu ya Pemba nayo iliwahi kukaa karibu na kilele cha jedwali la nguvu za antioksidanti la Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mwaka 2012 wizara ikaliondoa jedwali lote, kwa kuwa namba zilizopimwa kwenye bomba la kioo zilikuwa zinatumika kuuzia watu ndoto. Mafuta ya karafuu yakipakwa bila kuchanganywa yanachoma, na eujenoli iliyomo ni kati ya manukato ambayo Ulaya inataka yatajwe kwenye lebo kwa sababu ya mzio.

Ndimu ndiyo iliyonifundisha kwa mkono wangu. Harusi ya mdogo wangu, nilipewa ndoo ya ndimu nikamue kwa ajili ya kachumbari na sharubati. Nilikaa uani, saa saba mchana, jua utosini, maji ya ndimu yakinitiririka mpaka kwenye viwiko. Sikusikia kitu. Siku ya pili yake ngozi ikaanza kuwaka, ya tatu yakatoka malengelenge, na yalipokauka yaliacha michirizi myeusi iliyofuata njia ileile ya matone, kutoka kiganja mpaka kiwiko, kama ramani ya mto. Shangazi aliapa nimemwagikiwa na mafuta ya kukaangia na naficha. Michirizi ilikaa miezi minne. Ganda la ndimu lina furokumarini, ambazo zikipata UVA juu ya ngozi hushikana na DNA na kuunguza. Ndimu ileile iliyoliokoa parachichi. Na bado kuna anayemshauri binti wa watu ajipake ndimu usoni asubuhi ili aondoe madoa.

Akikosa ndimu ataambiwa mkorogo, na hapo namalizia hasira zangu: haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, lakini bado zinapita mlango wa nyuma. Anayejichubua anavua mwavuli wa kuzaliwa nao, kisha ananunua seramu ya kuziba nafasi yake.

Ukitaka kununua hata hivyo, angalia chupa kabla ya kusoma maneno. Kopo la mdomo mpana unalochovya kidole kila asubuhi linaingiza hewa kila asubuhi. Chupa nyeusi au ya bati, yenye pampu au dondosho dogo, imetengenezwa na mtu anayejua anauza kitu kinachokufa. Soma viambato kwa mpangilio, maana vinaanza na kilicho kingi. Ukikuta dondoo ya mmea imetajwa baada ya fenoksiethanoli, kihifadhi ambacho Ulaya hairuhusu kizidi asilimia 1, basi mmea uliochorwa mbele kwa rangi nne uko ndani kwa kunusa tu. Nusa mafuta: mafuta ya mbegu yaliyochacha yanaongeza radikali badala ya kuzizima. Seramu ya vitamini C iwe kama maji au ya manjano hafifu. Ipakwe asubuhi, juu yake losheni ya jua, vidole viwili kamili kwa uso na shingo. Mwili mzima wa mtu mzima unataka mililita 30, vijiko sita vya chai, na karibu hakuna anayefikisha nusu. Friji inasaidia. Kofia inasaidia zaidi ya vyote, na haina tarehe ya mwisho wa matumizi.

Wiki tatu baadaye nilipita tena Kariakoo. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yule dada, kwa upole, habari za parachichi. Chupa za kahawia hazikuwapo kabatini. Zimebaki chache nyeupe, zimewekwa nyuma kivulini, karibu na friji ya soda. Nikafurahi moyoni, nikamuuliza zile nyingine zimekwenda wapi.

"Zilizoiva zimekwisha zote, mama, wateja wanazigombania," akasema. Akazitoa zile nyeupe moja moja, akazifuta vumbi kwa kanga, akazipanga mstari wa mbele kwenye jua. "Pita mwisho wa mwezi. Nitakuwekea."